Si Kila Uvimbe wa Mfupa ni Saratani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini, Mungaa, mkoani Singida)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya uvimbe unaoota katika mifupa na katika gegedu la viungo, hasa uvimbe ule usio saratani. Pengine mtu atajiuliza kwa nini mambo ya hospitali yaletwe msikitini. Jibu lake ni jepesi. Viungo ndivyo tunavyosimamia, na kwa viungo hivyo tunarukuu na kusujudu. Mtukufu Mtume s.a.w. alitufundisha ya kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Tena alituhimiza tutafute dawa tunapougua. Basi kiungo kinachodaiwa sadaka kina haki ya kutunzwa, na mzazi aliyepewa mtoto amepewa pamoja naye amana ya mifupa yake.

Katika vijiji vyetu, mtoto anapoonekana ana kinundu kigumu gotini au begani, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wasemao hilo ni jambo dogo, litaondoka lenyewe. Na wapo wasemao hiyo ni kansa, ukienda hospitali mguu utakatwa, afadhali tumfiche nyumbani tumtafutie dawa za miti. Makundi haya yanaonekana kupingana, lakini mwisho wao ni mmoja: mtoto hapimwi. Neno langu la leo ni kwamba uvimbe wa mfupa haujulikani kwa macho wala kwa kupapaswa. Hujulikana kwa kupigwa picha, na pengine kwa kutolewa kipande na kutazamwa kwa hadubini. Uvimbe ambao haujapewa jina, msiuite salama wala msiuite saratani.

Mfupa na gegedu

Ili tuelewane, tuanze na gegedu lenyewe. Mkichinja mbuzi na kutenganisha kiungo cha mguu wake, mtaona kwenye ncha ya mfupa utando mweupe unaong'aa na kuteleza, mgumu kuliko nyama lakini laini kuliko mfupa. Hilo ndilo gegedu. Ndilo pia linalosimamisha masikio yetu na ncha za pua zetu. Katika kiungo, kazi yake ni kuzuia mfupa usisagane na mfupa.

Mtoto ana gegedu jingine zaidi ya hilo. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu kuna tabaka jembamba la gegedu ambalo ni kitalu cha mfupa. Seli zake huzaana, hupangana, kisha hugeuka kuwa mfupa, na hivyo mtoto hurefuka. Kwa wasichana kitalu hicho hufunga katika umri wa miaka 14 hadi 16 hivi, na kwa wavulana miaka 16 hadi 18. Baada ya hapo mtu harefuki tena.

Kitalu kilicho karibu na goti ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote mguuni, kwa maana sehemu kubwa ya urefu wa mguu hutokea hapo, juu na chini ya goti. Hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya uvimbe mwingi wa mifupa kwa watoto na vijana uonekane gotini. Penye kazi nyingi ya kuzaana kwa seli, ndipo penye nafasi nyingi ya seli kukosea njia.

Maana ya uvimbe salama

Uvimbe wa namna hii ni seli zilizoongezeka pasipo mwili kuzihitaji. Madaktari huugawa sehemu mbili. Uvimbe salama, yaani usio saratani, hukaa mahali ulipoota. Haumegeki na kusafiri kwa njia ya damu kwenda mapafuni au kwingineko. Saratani ni kinyume chake: huvunja mipaka, huingia katika nyama za jirani na hupanda mbegu mbali.

Lakini inafaa ieleweke kwamba neno "salama" lina mpaka wake. Uvimbe salama unaweza kubana mshipa wa damu au mshipa wa fahamu. Unaweza kuula mfupa kwa ndani mpaka uvunjike kwa kujikwaa tu. Unaweza kupinda mkono wa mtoto anayekua, au kuharibu kiungo asiweze kukunja goti. Mfano wake ni jirani aliyesogeza ua wake mpaka akaziba njia ya maji. Hakuja kuteka nyumba yako, lakini mvua ikinyesha utaumia.

Aina zinazojulikana

Ule unaoonekana zaidi kuliko wote huitwa osteokondroma. Ni kinundu cha mfupa kilichovaa kofia ya gegedu, kilichochipuka ubavuni mwa mfupa karibu na kitalu, mfano wa chipukizi linalotoka ubavuni mwa shina la mti. Huonekana zaidi karibu na goti na sehemu ya juu ya mkono karibu na bega, kwa watoto na vijana. Mara nyingi hauumi. Mama hukigundua akimwogesha mtoto, au kijana hukigundua anapopiga magoti. Tabia yake kubwa ni hii: hukua mtoto anapokua, na hukoma anapokoma kukua. Uwezekano wa kinundu kimoja cha namna hii kugeuka saratani ni mdogo, kama mtu mmoja kati ya mia au pungufu ya hapo.

Wako watu wenye vinundu vingi vya namna hiyo mwilini, na huo ni ugonjwa wa kurithi. Baba au mama mwenye nao, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuupata, awe wa kiume au wa kike. Sababu yake imepatikana katika vinasaba viwili, vinavyoitwa EXT1 na EXT2. Watoto hawa huweza kuwa wafupi kidogo, na mkono wa chini ya kiwiko huweza kupinda. Hatari ya saratani kwao ni kubwa kuliko ya mwenye kinundu kimoja, ingawa wengi wao huishi pasipo kuipata. Hao wanahitaji kuangaliwa na daktari maisha yao yote, hata wakiwa watu wazima.

Aina ya pili ni enkondroma. Hii ni gegedu lililobaki ndani ya mfupa badala ya kuugeukia mfupa, na hupenda mifupa midogo ya vidole vya mikono. Mtu hukaa nao miaka pasipo kujua, kisha siku moja kidole kinavunjika kwa kugongwa kidogo tu na mpini wa jembe, na picha inaonyesha kwamba mfupa ulikuwa mtupu kwa ndani. Wakati mwingine enkondroma huwa nyingi, pengine upande mmoja wa mwili. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Ollier, daktari wa Ufaransa aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19. Huo haurithiwi kama ule wa vinundu vingi, lakini hatari yake ya kugeuka saratani ni kubwa zaidi, kwa hiyo usipuuzwe.

Aina ya tatu ni kondroblastoma. Hii ni adimu, na huwapata zaidi vijana kati ya miaka 10 na 25. Hukaa kwenye ncha kabisa ya mfupa, jirani na kiungo, kwa hiyo huleta maumivu na kiungo hujaa maji. Mara nyingi kijana huambiwa ana baridi yabisi, akapewa dawa za maumivu mwezi baada ya mwezi. Dawa yake hasa ni upasuaji.

Aina ya nne huitwa osteoidi osteoma. Huo ni mdogo, kwa kawaida haufiki sentimita mbili, lakini maumivu yake ni makali, hasa usiku, na hutulia mtu anywapo aspirini au dawa za jamii yake. Daktari Henry Jaffe wa New York aliueleza mwaka 1935. Nawatahadharisha hapa: aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 pasipo amri ya daktari, kwani inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Aina ya tano ni uvimbe wa seli kubwa. Huwapata watu wazima, wengi wao wenye umri wa miaka 20 hadi 40, na mahali pake hasa ni karibu na goti. Unahesabiwa kuwa si saratani, lakini ni mkali: huula mfupa mpaka karibu na kiungo, na huweza kurudi baada ya kutolewa. Kwa watu wachache huonekana hata mapafuni. Aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe huu asiache kurudi kuangaliwa hata kama anatembea vizuri.

Aina ya sita hutokea ndani ya kiungo chenyewe. Utando laini unaokizunguka kiungo kwa ndani huanza kutengeneza punje za gegedu, nazo hukatika na kuelea ndani ya kiungo kama kokoto katika mtungi. Mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtu mzima wa miaka 30 hadi 50, huhisi goti limekwama ghafla asiweze kulikunja wala kulinyoosha, kisha likaachia. Kwa mwenye kuswali, ugonjwa huu hujitangaza wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijida.

Mahali pamoja, umri mmoja

Sasa ndugu zangu, sikilizeni vizuri sehemu hii. Iko saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Huwapata zaidi vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati wanaporefuka kwa haraka, na hupenda kukaa karibu na goti na karibu na bega. Linganisheni na yale niliyosema juu ya osteokondroma. Mahali ni pamoja, na umri ni mmoja. Watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuwa na uvimbe gotini, mmoja akawa na kinundu kisicho na neno na mwingine akawa na ugonjwa unaoweza kumuua. Hapana mzee mwenye hekima wala mganga anayeweza kuwatofautisha kwa kuwashika. Hata daktari bingwa hathubutu. Yeye huagiza picha kwanza.

Na tofauti ya muda ni kubwa sana. Zamani, mgonjwa wa osteosakoma alikuwa akikatwa mguu tu, na bado wengi wao, zaidi ya wanane katika kila kumi, walifariki kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kwenda mapafuni. Tangu dawa za saratani zilipoanza kutumika pamoja na upasuaji katika miaka ya 1970 na 1980, katika nchi zenye huduma kamili wagonjwa sita au saba katika kila kumi hupona, ikiwa ugonjwa haujasambaa. Tamko hili, "haujasambaa," ndilo lenye uzito wote. Anayefika mapema hufika akiwa bado yumo katika hesabu hiyo.

Jirani zetu wa Uganda wanatupa mfano wa faida ya kuujua ugonjwa kwa jina lake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Akaanza kuwachunguza watoto wengine wenye uvimbe wa aina hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Uvimbe ule ulidhaniwa kuwa saratani ya kawaida ya nyama za taya. Wataalamu wa hadubini walipoutazama vizuri, ikaonekana kwamba ni saratani ya seli za kinga za mwili. Kisu hakikuufaa, lakini dawa ziliuyeyusha, na watoto wengi wakapona. Hiyo ilikuwa saratani hasa, wala haikuwa katika uvimbe salama ninaouzungumzia. Nimeitaja kwa sababu jina lilipobadilika, tiba nayo ilibadilika.

Dalili zisizosubiri

Uvimbe wowote mgumu wa mfupa upelekwe kupimwa. Lakini zipo dalili zinazosema nenda wiki hii, usingoje mavuno. Ni hizi: maumivu yanayomwamsha mtu usiku au yasiyokoma hata akipumzika, uvimbe unaokua upesi, wiki kwa wiki, uvimbe ulio moto na wenye kung'aa juu ya ngozi, kinundu cha zamani kinachoanza kukua au kuuma baada ya mtu kukoma kurefuka, mfupa unaovunjika kwa sababu ndogo, homa za mara kwa mara na kukonda, na mguu au mkono unaokufa ganzi au kupoteza nguvu. Katika taya la mtoto, uvimbe wa haraka unaolegeza meno ni jambo la dharura.

Yanayofanana na uvimbe huu

Wala si kila umbo lisilo la kawaida ni uvimbe wa seli. Usaha ndani ya mfupa huvimbisha mguu wa mtoto na kumletea homa kali, nao unataka dawa na upasuaji wa haraka. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huingia hata katika uti wa mgongo, nyonga na goti, na dawa zake hutolewa bure hapa nchini.

Mkoa wetu wa Singida una jambo jingine. Maji ya baadhi ya visima vyetu yana madini mengi ya floraidi, kama ilivyo Arusha, Manyara na Shinyanga. Madini hayo yakizidi kwa miaka mingi, meno hubadilika rangi, na baadaye mifupa huwa mizito na migumu, miguu ya watoto hupinda, na mgongo wa mtu mzima hukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeshauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ukiona watoto wengi wa kitongoji kimoja wana miguu iliyopinda, msiseme ni uvimbe wala msiseme ni laana. Waombeni wahusika wa maji wakipime kisima.

Yanayotuharibia

Lipo jambo la kuchua. Mfupa ulioliwa kwa ndani huvunjika ukichuliwa kwa nguvu. Liko la kuchanja chale na kuchoma kwa moto. Hayo huleta vidonda na usaha juu ya uvimbe, na daktari akija kuupasua anakuta mahali pamekwisha kuharibika. Na liko lililo baya kuliko yote, la kumtafuta mchawi. Uvimbe ulioota katika kitalu cha mfupa hauna mtu aliyeutuma. Nyumba inayomtuhumu jirani kwa goti la mtoto imepata magonjwa mawili badala ya moja, na lile la pili halina upasuaji.

Wengine huogopa kisu wakidhani ni jambo la kigeni. Hao wakumbuke kwamba Abul-Qasim az-Zahrawi, Mwislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013 hivi, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ilihusu upasuaji pamoja na michoro ya vyombo vyake. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya walijifunza kwayo kwa karne nyingi. Anayekwenda kwa mpasuaji anafuata njia ambayo wazee wetu katika dini walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuifungua.

Na juu ya hofu ya kukatwa mguu, elewa hivi. Uvimbe salama ni nadra sana kumfanya mtu akatwe kiungo. Kinachosababisha kukatwa mara nyingi ni uvimbe ulioachwa mpaka ukaula mfupa wote na mishipa yake. Kwa hiyo anayejificha nyumbani kwa kuogopa msumeno ndiye anayeukaribisha.

Njia ya uchunguzi na tiba

Hatua ya kwanza haiko mbali. Hapa Makiungu tunayo hospitali iliyoanzishwa mwaka 1954 na masista Wakatoliki wa Medical Missionaries of Mary, nayo imewahudumia wazazi wetu bila kuwauliza dini. Asizuiwe mtu na msalaba ulioko mlangoni. Mgonjwa anakwenda kupimwa mfupa. Iko pia hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Picha ya eksirei, ambayo mwanasayansi Röntgen aliigundua Ujerumani mwaka 1895, mpaka leo ndiyo mlango wa uchunguzi wa mfupa. Mara nyingi picha moja hutosha kuitambua osteokondroma, na mzazi hurudi nyumbani na moyo mweupe.

Picha ikiacha shaka, mgonjwa hupewa barua ya rufaa. Dodoma iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Mwanza iko Bugando na Moshi iko KCMC, zote mbili za tangu mwaka 1971. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na kwa saratani iko Taasisi ya Ocean Road. Huko mgonjwa anaweza kupigwa picha nyingine, na kuchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe maabara. Wengine husema kutoa kipande huuamsha ugonjwa. Si kweli, maadamu kimetolewa na mtaalamu atakayefanya au anayeshirikiana na atakayefanya upasuaji wenyewe. Lakini uvimbe usijulikane kwa kupasuliwa ovyo, kwani kisu kikipita mahali pasipofaa kinaweza kuivuruga tiba yote inayofuata.

Na matibabu? Ndugu zangu, kwa uvimbe salama mwingi tiba ni kuangaliwa tu. Daktari atasema rudi baada ya miezi kadhaa tupige picha nyingine tulinganishe. Watu wengi husikitika wakadhani wamepuuzwa. Hawakupuuzwa. Kumpasua mtoto mdogo kinundu kilicho karibu na kitalu kunaweza kukijeruhi kitalu, mguu ukawa mfupi, na kinundu kikaota tena. Kinapoumiza, kinapobana mshipa, kinapopinda mfupa au kinapoleta shaka, hapo hutolewa. Enkondroma iliyodhoofisha kidole, kondroblastoma na uvimbe wa seli kubwa hukwanguliwa kwa ndani, na pango lililobaki hujazwa mfupa uliotolewa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe au saruji maalumu ya mifupa. Osteoidi osteoma, penye vifaa, huchomwa kwa sindano ya joto pasipo kupasua sana. Punje za ndani ya kiungo hutolewa, na goti likafunguka.

Yanayotupasa

Sasa nimalizie kwa yale ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya.

Kwanza, mama anapomwogesha mtoto, apitishe mkono wake magotini, mabegani na vifundoni, alinganishe kulia na kushoto. Mtoto mkubwa anayejiogesha aulizwe, wala asikemewe akisema anaumwa usiku.

Pili, picha za eksirei na barua za daktari zitunzwe nyumbani mahali pakavu. Wako watu wanaozibia madirisha picha hizo. Picha ya mwaka juzi ndiyo inayomwonyesha daktari kama uvimbe umekua au umesimama. Bila hiyo anaanza upya.

Tatu, usiondoke hospitalini bila kuuliza maswali haya matatu: Uvimbe huu unaitwaje? Mmeujuaje? Turudi lini? Na ikiwa kipande kilitolewa, usikae nyumbani ukidhani kimya maana yake ni heri. Rudi, ukaulizie jibu la maabara mpaka ulipate.

Nne, mwenye uvimbe asitengwe. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja wala kwa kuswali bega kwa bega. Wala msichana mwenye kinundu gotini asiitwe mwenye kasoro wakati wa posa. Na asiyeweza kupiga magoti, dini imemruhusu aswali ameketi. Asijitese, wala jamaa wasimtazame kwa jicho la lawama.

Tano, na hili naliweka mbele ya jamaa wote. Kinachowarudisha wengi njiani ni nauli na chakula cha msindikizaji. Dodoma si mbali kwa mwenye gari, lakini ni mbali sana kwa mjane mwenye kuku watano. Tukiweka msikitini kisanduku cha wagonjwa, kila mwenye kuvuna alizeti akatia kidogo, mtoto wa kwanza atakayepewa barua ya rufaa hataiweka chini ya godoro. Ndiyo sadaka ya viungo vyetu vizima kwa ajili ya kiungo cha mwenzetu. Naomba viongozi wa msikiti walizungumze jambo hili kabla hatujatawanyika leo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape waganga wetu ujuzi na huruma, na atujaalie tuitunze amana aliyotupa. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.